Oksijeni ya Saa ya Kwanza

Leo tuzungumze juu ya chumba cha oksijeni, kwa sababu maswali yenu yamekuwa mengi, na kwa sababu jambo lenyewe limeingia mpaka nyumbani kwetu. Mwenye mgonjwa aliyeumia kichwa hapa Bujumbura, awe Buyenzi, Kinama au huku kwetu Mutanga Sud, hakosi kuletewa habari ya chumba hicho. Inakuja kwa simu, video fupi tu: mtu amelala ndani ya bomba kubwa la kioo, amefungiwa humo, anapumua, na maandishi yanasema alikuwa hasemi, sasa anasema, alikuwa hatembei, sasa anatembea. Dada aliyeko Canada ameituma, binamu wa Kampala ameisambaza, na kabla jua halijatua baba mdogo ameshatamka kwamba kiwanja cha familia kinaweza kuuzwa.

Kwetu video ilifika mdogo wangu akiwa ameshatoka hospitalini. Alianguka na pikipiki, akakaa siku nyingi bila fahamu, akazinduka, akarudi nyumbani. Watu anawatambua. Nyimbo za kwaya anaziimba mpaka ubeti wa mwisho. Lakini mwombe akuletee kikombe: atainuka vizuri, atafika katikati ya sebule, halafu atasimama pale akiitazama mikono yake, kwa sababu kikombe kimeshamtoka kichwani. Akilala mchana, akiamka anauliza kama tumekula. Jirani akiwasha jenereta, anajifunika kichwa kwa mto. Mgeni akikaa naye dakika tano ataondoka akimshukuru Mungu kwamba kijana amepona. Anayeshinda naye ndiye anayejua.

Basi wanaotaka kujaribu chumba hicho nawaelewa kabisa. Ukiwa na mtu mbele yako, macho ni yale yale, sauti ni ile ile, na nusu yake haijarudi, hutaki kusikia habari ya kungoja. Ninachotaka leo ni tukitazame chumba chenyewe bila haraka, tuone kinafanya nini, kimepimwa namna gani, na oksijeni ambayo kwa hakika inaokoa ubongo ni ipi.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumika mwilini. Ukinyimwa kabisa, ndani ya dakika chache chembe zake zinaanza kufa. Kwa kawaida oksijeni inabebwa na chembe nyekundu za damu, na mapafu yakiwa mazima chembe hizo tayari zimejaa karibu kabisa. Kwa hiyo kumvalisha mwenye mapafu mazima kinyago cha oksijeni hakumwongezei mzigo mkubwa. Chumba kinapita njia nyingine. Mlango unafungwa, hewa inasukumwa ndani mpaka shinikizo linapanda, mgonjwa anapumua oksijeni tupu, na oksijeni hiyo inayeyuka ndani ya maji ya damu yenyewe. Matibabu ya ubongo mara nyingi yanatumia shinikizo la mara moja na nusu ya kawaida, ni kama umezama mita 5 ndani ya ziwa Tanganyika. Wengine wanapanda hadi mara mbili na nusu, karibu mita 15.

Si uganga huo, ni fizikia. Mwaka 1960 daktari Mholanzi Ite Boerema, wa Amsterdam, alieleza jinsi alivyowaondolea nguruwe karibu chembe zao zote nyekundu, akawaweka kwenye shinikizo mara tatu ya kawaida wakipumua oksijeni, nao wakaendelea kuishi. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu iliwatosha. Baadaye akawarudishia damu.

Kuna maradhi ambayo chumba hiki ni dawa yake inayokubalika. La kwanza ni lile la wapiga mbizi, wanaopanda juu upesi mpaka mapovu ya hewa yanazaliwa ndani ya damu na kuziba mishipa. Ndiyo sababu vyumba vya namna hii vinavyojulikana zaidi Afrika Mashariki viko pwani: kule Matemwe, kaskazini mwa Unguja, kuna kimoja kwa ajili ya wapiga mbizi, na Jeshi la Majini la Kenya lina chake Mtongwe, Mombasa. Chumba kinasaidia pia vidonda fulani vya miguu vya wenye kisukari, vidonda vilivyoachwa na mionzi ya saratani, maambukizi yanayoozesha nyama kwa gesi. Na kinasaidia waliokula moshi wa makaa. Hapo nitulie kidogo, maana hapa kwetu bado wapo wanaoingiza mbabura, jiko la makaa, chumbani usiku wa mvua na kufunga dirisha. Gesi ya makaa haina harufu. Inakaa kwenye chembe nyekundu mahali pa oksijeni na kukataa kuondoka, na ubongo ndio unaoumia kwanza. Washeni mbabura zenu nje, jamani.

Sasa jeraha la ubongo. Hoja ya wanaokitetea chumba ni kwamba katikati ya sehemu iliyokufa na sehemu nzima kuna sehemu ya tatu, iliyo hai lakini imezimia, na oksijeni nyingi inaweza kuiamsha. Ni hoja inayoeleweka, tena inavutia sana ukiwa na mtu wako anayesimama katikati ya sebule. Lakini hoja ni jambo moja na kipimo ni jingine.

Vipimo vipo, na vingi vimetoka jeshini Marekani, kwa sababu wanajeshi wengi walirudi kutoka Iraq na Afghanistan wakiwa wametikiswa ubongo na mabomu. Kuna utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ambao natamani kila familia iujue. Wanajeshi 72 waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata matunzo ya kawaida tu. La pili liliingia chumbani mara 40, likapumua oksijeni tupu kwa shinikizo la mara moja na nusu. La tatu nalo liliingia mara 40, mlango ukafungwa vile vile, masikio yakaziba vile vile, ila ndani ilikuwa hewa ya kawaida iliyosukumwa kidogo tu, na wenyewe hawakuambiwa tofauti. Matokeo? Waliobaki nje hawakusogea sana. Walioingia chumbani walipata nafuu: kichwa, usingizi, kumbukumbu. Lakini waliopumua oksijeni na waliopumua hewa ya kawaida walipata nafuu sawasawa.

Utafiti mwingine wa jeshi hilo hilo, uliotoka mwaka 2018, uliwafuata wanajeshi 71 kwa muda mrefu zaidi. Baada ya wiki 13 baadhi ya vipimo vilionyesha oksijeni imesaidia kidogo. Walipopimwa tena baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, tofauti hiyo haikuwepo.

Kuna upande wa pili, nao nausema wazi. Mwaka 2013 madaktari wa Israeli walichapisha habari za watu 56 waliokuwa wameumia kichwa mwaka mmoja hadi mitano nyuma. Waliingia chumbani mara 40, wakaboreka katika kukumbuka na kufikiri. Lakini wale waliolinganishwa nao walikuwa wakingoja tu zamu yao, hawakufungiwa kwenye chumba cha hewa ya kawaida. Na baada ya kuwasikia wale wanajeshi wa kundi la tatu, tunajua kwamba kuingia tu chumbani kuna nguvu yake. Watetezi wanajibu kwamba hata hewa ya kawaida ikisukumwa kidogo ni dawa, kwa hiyo kundi la tatu lilikuwa linatibiwa bila kujua. Inawezekana. Mimi siwezi kuuza kiwanja kwa neno inawezekana.

Tena hao wote ni watu walioumia kwa kiasi, wanaotembea na kusema. Kwa walioumia vibaya, utafiti unaotajwa sana ni wa Minnesota, mwaka 1992, wagonjwa 168, baadhi yao wakaingizwa chumbani siku za mwanzo baada ya ajali. Walioingizwa, walikufa asilimia 17; wasioingizwa, asilimia 32. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayowafanya madaktari waendelee kuchunguza mpaka leo. Ila waliorudi kwenye maisha ya kujitegemea hawakuongezeka. Waliookolewa wengi wao waliokolewa wakabaki na ulemavu mzito. Na angalieni wakati: siku za mwanzo. Video za simu zinazungumzia mwaka wa pili, wa tatu, wa tano.

Mtu ataniuliza: kwa nini upime sana jambo la kumpa mtu hewa safi, hasara iko wapi? Nitamjibu kwa habari ya dawa za steroidi. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari waliwachoma wagonjwa wa kichwa dawa hizo ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Ilionekana jambo la akili, na waliofanya hivyo walikuwa watu wema. Kisha ukafanywa utafiti mkubwa katika nchi nyingi, na mwaka 2004 ukasimamishwa ukiwa na wagonjwa 10,008, kwa sababu jibu lilikuwa limeshajitokeza: waliopewa dawa walikufa zaidi. Katika kila 100, ndani ya wiki mbili, kama 21 dhidi ya 18. Hebu fikirini miaka 30 ni wagonjwa wangapi.

Na chumba kina hatari zake. Anayeingia huvuliwa saa, mkufu, kila kitu. Mafuta ya kujipaka yanafutwa mwilini na kwenye nywele, anavalishwa pamba tupu, simu inabaki nje. Shinikizo likipanda masikio yanaziba na kuuma. Mzima anameza mate, yakafunguka. Sasa fikiria mgonjwa asiyeweza kueleza kwamba sikio linamuuma, au asiyekumbuka alichofundishwa dakika kumi zilizopita. Oksijeni ikizidi inaweza kumletea mtu kifafa, na ubongo uliojeruhiwa tayari uko karibu na kifafa. Mwenye pafu lililopasuka ambalo halijatibiwa hatakiwi kuingia kabisa. Halafu kuna moto, kwa sababu kwenye oksijeni tupu cheche ndogo inatosha. Milan, Italia, tarehe 31 Oktoba 1997, watu 11 walikufa kwa moto ndani ya chumba cha namna hii. Ilisemekana mgonjwa mmoja aliingia na kifaa kidogo cha kupasha mikono joto. Na tarehe 31 Januari 2025, kule Troy, katika jimbo la Michigan, chumba kililipuka na kumuua mtoto wa miaka mitano. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikwishawatahadharisha watu tangu mwaka 2013 kwamba jeraha la ubongo ni kati ya mambo ambayo chumba hiki kinatangaziwa bila kuthibitishwa.

Jambo jingine dogo, kwa wenye ndugu Dubai na Muscat wanaotaka kununua kile chumba laini, mfuko unaojazwa hewa nyumbani. Shinikizo lake mara nyingi ni mara moja na pointi tatu ya kawaida. Hilo linakaribiana na shinikizo ambalo watafiti walilitumia kwa kundi la kulinganishia, kundi lililodhaniwa halipewi kitu. Msitume pesa.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma hasa.

Wakati video ile inazunguka kwenye simu zetu, nilirudi nyuma kichwani mpaka siku yenyewe ya ajali. Mdogo wangu alibebwa na watu wema. Walimwinua mmoja mikono, mwingine miguu, kichwa kikining'inia, wakamlaza chali nyuma ya gari, damu na matapishi vikiwa mdomoni, wakapandisha Boulevard du 28 Novembre, wakapita kampasi ya Mutanga, wakavuka mto Ntahangwa kuelekea hospitali ya Kamenge. Aliyekuwa naye nyuma ya gari aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akikoroma. Kwetu anayekoroma analala. Kumbe kukoroma kwa mtu asiye na fahamu ni ulimi umerudi nyuma, koo limezibwa nusu, hewa inapigania njia. Ubongo wake ulikuwa unaomba oksijeni wakati ule, bila chumba, bila ndege, bila kiwanja. Ulihitaji mtu mmoja wa kumlaza ubavu.

Madaktari wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1993 zilichapishwa habari za wagonjwa 717 wa Marekani walioumia kichwa vibaya, ikaonekana kwamba shinikizo la damu likishuka, hata mara moja tu kabla matibabu hayajatulia, vifo vinafika mara mbili, na oksijeni ikipungua mwilini nayo inaongeza vifo. Jeraha la kwanza ni la barabarani, hilo limeshatokea. Jeraha la pili ni la kukosa hewa na damu katika saa zinazofuata, na hilo linazuilika. Hata dawa ya kuzuia damu kuvuja, asidi ya traneksamiki, iliyopimwa kwa wagonjwa zaidi ya 12,000 na matokeo yake kutoka mwaka 2019, ilionekana kuwafaa wenye majeraha ya kadiri, mradi ipewe ndani ya saa 3. Dawa za ubongo zina saa yake.

Na zana za saa hiyo si za ajabu. Kuna kile kibanio kidogo cha kidoleni, kinachowaka taa nyekundu na kutoa namba ya oksijeni. Tulikizoea wakati wa korona. Kwa aliyeumia kichwa, namba ikishuka chini ya 90 ni hatari inayotaka mkono wa mtu sasa hivi. Kuna mtungi wa oksijeni uliojaa. Kuna mashine ya kuchuja oksijeni, na umeme wa akiba wa kuiendesha gridi ikizima. Nikipiga hesabu ya safari moja ya familia moja kwenda kwenye chumba cha ng'ambo, tiketi, hoteli, mara 40 za kuingia, naona vibanio vya kutosha kila zahanati ya mji huu. Nasema hivi bila kumlaumu mzazi hata mmoja. Mzazi anamtibu wa kwake, hatibu mji. Lakini sisi tukiwa wengi, makanisa, misikiti, vyama vya madereva wa taksi-moto, hilo tunaliweza.

Kwetu kikao cha familia kilikaa. Baba mdogo alisema lake, dada wa Canada alikuwa kwenye simu. Mama ndiye aliyeuliza swali lililotugeuza: huko mnakompeleka, mtu gani atakaa naye mchana kutwa akimrudisha kwenye maneno? Kiwanja hakikuuzwa. Pesa tuliyochanga inamlipa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayekuja kumnyoosha bega na kumfanyisha mazoezi ya mkono wa kulia, na nyingine inampa nauli na posho kijana wa chuo, anayeshinda naye alasiri. Wameandika majina ya vitu kwenye vikaratasi na kuvibandika: kikombe, kabati, mlango, chumvi. Mdogo wangu anaenda kwenye kabati, anasoma, anachukua kikombe. Bado anauliza kama tumekula. Siwezi kuwaambia kwamba kama tungempeleka ingekuwa hivi au vile.

Wale watakaoamua kwenda, nendeni na macho yenu. Ulizeni shinikizo ni kiasi gani, daktari ni nani na atakuwa wapi mlango ukifungwa, mapafu yamepigwa picha au la, dawa za kifafa zinaendelea au zinasimama. Waambieni wampime kumbukumbu na mkono kwa maandishi kabla hajaingia, na wampime tena kwa karatasi ile ile akimaliza. Anayekataa kupima kabla, msimpe pesa.

Na wale ambao bado hawajapatwa, ajali mtaiona barabarani, labda wiki hii hii. Msikimbilie kumwinua. Mmoja ashike kichwa na shingo viwe mstari mmoja na mgongo, wengine wamgeuze wote kwa pamoja alale ubavu, mdomo ukielekea chini ili damu na matapishi vitoke. Msimpe maji. Msimvute helmeti kwa nguvu. Fungueni kioo chake, mhakikishe anapumua. Akikoroma, sukumeni taya lake la chini mbele mpaka mlio ukatike. Ndani ya gari alale vile vile, mmoja akae naye kazi yake ikiwa pumzi tu. Na mkifika mlango wa dharura, kabla hamjaulizwa jina lake na pesa ziko wapi, ninyi ulizeni kwanza: oksijeni yake ni ngapi?